Mtoto anauliza: kwa nini umeme unamulika ziwani usiku tu? Wajuzi nisaidieni

#1 BabaNuru (Kigoma mjini)
Wakuu, habari za jioni.

Nina binti wa darasa la tatu. Nyumba yetu iko Mwanga, upande wa juu, ukikaa barazani unaliona Ziwa Tanganyika. Tangu mvua zianze tuna mazoea ya kukaa nje baada ya kula, na karibu kila siku anaona kitu kilekile: saa mbili, saa tatu usiku, kule upande wa Kongo umeme unamulika, unamulika tena, wala husikii hata mguno. Mchana radi zikipiga zinapigia huku kwetu nchi kavu, milimani, ziwa limetulia tu. Juzi kaniuliza, "Baba, kwa nini umeme unaenda ziwani usiku?" Nikamjibu ni mambo ya Mungu. Akasema, "Na ya mchana je, ni ya nani?"

Nimekwama. Shuleni kaambiwa swali lake halimo kwenye mada ya wiki hii. Kitabu chake kina picha ya jua linalocheka na wingu lenye matone manne, basi.

Naomba maelezo, na pia mbinu za kumfundisha mtoto habari za mawingu na radi bila kumjaza woga. Wale wa "radi za kutumwa" najua mko njiani, ila mtoto ana miaka tisa.

#2 Siti_ya_Dirishani
Nimeweka kambi.

#3 Asali_Mbichi (Tabora)
Kigoma tena! Umeme unakwenda ziwani usiku kwa sababu mchana uko karakana unanolewa. Mkuu wewe mwenyewe unaishi kiwandani halafu unatuuliza sisi wateja?

#4 BabaNuru
#3 Nilijua wa kwanza atakuwa mtu wa Tabora. Shikamoo maembe.

#5 Karabai_la_Katonga
Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye dagaa. Mwambie mtoto hivi: mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu. Jioni tukisukuma mtumbwi upepo unatupiga usoni. Ikifika usiku wa manane unageuka, unatoka milimani unatupiga mgongoni, tena wa baridi. Wingu linafuata upepo. Mchana liko kwenu, usiku liko kwetu. Hakuna elimu zaidi ya hapo.

Ila kuna jambo jingine, na hili msinibishie: radi inapenda taa. Zamani tulikuwa na karabai, sasa ni taa za sola na betri. Usiku tukiwasha mamia ya taa, umeme nao unakuja.

#6 Chaki_Mkononi (mwalimu mstaafu, Ujiji)
Karabai, nusu ya kwanza umesema kweli kuliko vitabu vingi. Nusu ya pili nitakubishia.

Nchi kavu inapata joto upesi na kupoa upesi. Maji ni mazito kwa mambo hayo. Juu ya Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 25, 26 hivi, usiku na mchana karibu sawasawa. Mchana milima ya Mwandiga mpaka Kasulu inachemka, hewa iliyo juu yake inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kujaza nafasi. Inayopanda inapoa, mvuke unageuka wingu, mchana wa saa tisa unasikia mngurumo Buhigwe. Usiku mambo yanapinduka: mlima umepoa, ziwa bado lina joto lake. Hewa baridi inateremka kutoka kwetu na nyingine inateremka kutoka milima ya Kongo, zinakutana katikati ya maji kama watu wawili kwenye mlango mmoja. Zikose pa kwenda, zinapanda. Hapo ndipo wingu la radi linapojengeka.

Kwa mtoto: chukua sufuria mbili, moja maji moja mchanga, ziweke juani kwa muda wa saa mbili halafu atie kidole. Arudie usiku saa tatu. Atakuambia mwenyewe ipi imepoa kwanza.

Na tuwafundishe maneno vizuri. UMEME ndio mwanga. NGURUMO ndio sauti. RADI ndiyo ile inayopiga chini ikapasua mti. Mtoto akisema "umeme umekatika" na "umeme umemulika" anachanganya mambo ya nguzo na mambo ya mbinguni, ingawa kwa kweli ni kitu kimoja, ndiyo raha yake.

#7 Mama_Wawili
Naomba kuuliza swali la kijinga. Mchana huo umeme wa ziwani mtauona wapi na jua lote hilo? Huenda unapiga saa zote, sisi tunauona usiku tu kwa sababu kuna giza. Hata tochi mchana haionekani.

#8 Siti_ya_Dirishani
#7 Dah. Uzi ungeweza kuishia hapa.

#9 Chaki_Mkononi
#7 Mama, swali hilo si la kijinga hata kidogo, na limenifanya niweke chai chini. Sehemu ya jibu ni kweli: mwanga wa umeme usiku unaonekana hata kilomita mia na zaidi, ukiakisiwa na mawingu. Mchana huupati. Lakini wingu lenyewe mchana lingeonekana. Wingu la radi ni refu, linaweza kufika kilomita 12, 15 kwenda juu, na kichwa chake hubapa kama fuawe la mhunzi. Ukisimama Mwanga saa nane mchana ukaangalia Kongo, unaliona fuawe?

#10 BabaNuru
Mara nyingine naliona. Mara nyingine ukungu mtupu. Kiangazi ndiyo kabisa, mwezi wa saba na wa nane moshi wa moto wa mbugani unaifunika Kongo yote, utafikiri ziwa halina ng'ambo. Mvua ya kwanza ikiosha hewa, asubuhi yake milima imerudi. Binti alipokuwa mdogo alidhani Kongo wanaihamisha.

#11 Dogo_wa_Heru_Juu
Nyie mnasahau kitu. Mvua ya Kigoma inatoka Kongo, kila mtu anajua. Kule ndiko kuna msitu mkubwa. Usiku mnaona umeme kwa sababu mvua iko njiani inakuja.

#12 Karabai_la_Katonga
#11 Inatoka Kongo kwako wewe uliye Kasulu. Sisi tunaiona inatoka nyuma, upande wa Uvinza, inatukuta majini. Ile ya Kongo mara nyingi inamulika usiku kucha na asubuhi hata tone huoni.

#13 Chaki_Mkononi
Wote mnasema kweli, ndiyo shida yake. Unyevu mwingi wa msimu huu unaletwa na hewa ya upande wa Kongo. Lakini wingu moja moja likishajengeka, mara nyingi upepo wa juu unalisukuma kwenda magharibi. Kwa hiyo mvua inaweza kuletewa maji kutoka magharibi na yenyewe ikatokea mashariki.

#14 Dogo_wa_Heru_Juu
Mwalimu hapo umeniacha stendi.

#15 Tumbaku_na_Jembe (Urambo)
Mimi naomba mtoto wa BabaNuru aulizwe hili: mvua ya mawe inatoka wapi na huku kwetu joto la kuchemsha yai? Mwaka ule mawe yalipiga shamba langu dakika kumi tu. Majani ya tumbaku yalibaki kama chandarua. Na wanangu wanaokota wanakula huku wanacheka! Nilitaka kulia, nikaishia kula na mimi.

#16 Chaki_Mkononi
Pole sana ndugu. Baridi haiko mbali kama tunavyodhani. Ukipanda kilomita tano kwenda juu, hata hapa karibu na ikweta, maji yanaganda. Tano tu, umbali wa kwenda sokoni. Ila hakuna ngazi. Ndani ya wingu la radi kuna upepo unaopanda kwa nguvu, unalibeba tone hadi kwenye baridi, linaganda, linazidi kunenepa kwa kugongana na matone mengine, mpaka upepo unashindwa kulibeba.

Siku nyingine kateni jiwe moja la mvua kwa kisu haraka kabla halijayeyuka. Jiwe kubwa lina duara ndani ya duara, jeupe, angavu, jeupe, kama kitunguu.

Na hapo ndipo radi inapozaliwa. Vipande vya barafu vikigongana humo ndani vinaachiana chaji. BabaNuru, usiku wa mwezi wa saba zima taa, mwambie binti avute blanketi la nailoni harakaharaka. Vile vicheche na ule mtatariko ni radi ya kitandani.

#17 Mama_Wawili
Tumefanya la blanketi sasa hivi. Halijatoa kitu.

#18 Chaki_Mkononi
Hewa ina unyevu msimu huu, mama. Ndiyo maana nimesema mwezi wa saba.

#19 Kikombe_cha_Kahawa
Watu wanakimbilia barafu wakati swali la msingi bado: wingu linakaaje juu? Mwanangu aliniuliza nikamwambia ni jepesi kama pamba. Baadaye nikapiga hesabu nikaona nimemdanganya. Wingu dogo la pamba, lile la saa nne asubuhi, likiwa na upana, urefu na kimo cha kilomita moja moja, kila mita ya mraba ina maji nusu gramu hivi. Zidisha. Tani 500! Behewa la mizigo la tani 40, unataka treni ya mabehewa 12 na nusu. Hiyo ndiyo inaelea juu ya kichwa chako.

#20 Fundi_Mifereji
#19 Mita ya UJAZO mkuu, si ya mraba. Hesabu yako iko sawa, neno ndilo limepotea njia.

#21 Kikombe_cha_Kahawa
#20 Ahsante, nimelipokea behewa langu. Na haliporomoki kwa sababu matone ni madogo mno, kama vumbi la unga mashineni. Unga ni mzito ukiwa gunia, lakini ule unaoruka kwenye mwanga wa dirisha la mashine unashuka polepole hata huuoni ukifika chini. Ukipata upepo kidogo unapanda tena.

#22 Asali_Mbichi
Mfano wa mashine ya kusaga nimeuelewa kuliko miaka saba ya shule ya msingi.

#23 BabaNuru
Wakuu nawashukuru. Naomba niripoti aibu yangu. Binti na mimi tumetengeneza kipima mvua. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, tumekata kichwa, juu tumeweka faneli ile kubwa ya kumiminia mawese, pembeni tumebandika rula. Mvua ya usiku wa kuamkia jana: milimita 124! Nikawapigia ndugu zangu wa Uvinza kuwapa pole ya mafuriko. Wakasema kwao ilinyesha kawaida tu.

#24 Fundi_Mifereji
Hahaha, pole kwanza. Mdomo wa faneli una upana gani? Na chupa?

#25 BabaNuru
Faneli sentimita 16, chupa 8.

#26 Fundi_Mifereji
Basi umevuna mvua ya eneo kubwa ukaimimina kwenye chupa nyembamba. Upana mara mbili, eneo mara nne. 124 gawa kwa 4, ni 31. Milimita 31 ni mvua nzuri ya kawaida.

Ondoa faneli. Kile kichwa cha chupa ulichokata kigeuze juu chini, kiweke palepale kilipotoka, kinatosha. Mdomo uwe sawa na mwili. Na kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo weka kokoto, mimina maji hadi yazifunike na kufika pale chupa inaponyooka, chora mstari: hiyo ndiyo sifuri. Usikiweke chini ya mwembe wala karibu na bati. Muda mmoja kila siku, saa tatu asubuhi.

Halafu mwonyeshe maana yake. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa lako mita 8 kwa 10? Pima chini ardhini, usipime bati lililoinama. Ni mita 80 za mraba mara 31, lita 2,480. Ndoo za lita 20 ni ngapi?

#27 BabaNuru
124!! Binti ameruka juu. Anasema yeye hakukosea, alikuwa anahesabu ndoo.

#28 Siti_ya_Dirishani
Mpeni cheti.

#29 Nyota_ya_Kibondo
Nimesoma uzi mzima kimyakimya. Mimi ni mwalimu wa msingi. Mnajua kinachowachanganya watoto wa mkoa huu kuliko radi? Vuli na masika. Wanakariri: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Wanatoka nje wanaona mvua inaanza Novemba, inanyesha Desemba, inanyesha Januari, Februari inapunguza kidogo, inamalizia Aprili, Mei. Mtoto wa Ujiji ananiuliza masika ni lini wakati yuko ndani yake!

#30 Kikombe_cha_Kahawa
#29 Kigoma nzima ni msimu mmoja. Kama Tabora na Katavi. Vuli ni mambo ya pwani na kaskazini.

#31 Nyota_ya_Kibondo
Si nzima, ndugu. Sikiliza utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) vizuri. Kakonko na Kibondo tunasomwa pamoja na watu wa Kagera na Geita kwenye vuli. Kasulu kwenda chini ndiyo msimu mmoja. Mkoa mmoja kalenda mbili, na mtihani ni uleule.

#32 Kikombe_cha_Kahawa
Nimekubali, ilinipita.

#33 Mama_Wawili
Naomba turudi kwenye woga. Wangu mdogo ngurumo ikilia anaingia chini ya kitanda. Bibi yake ndiye chanzo. Alimwambia radi ni jogoo mwekundu anayeshuka kuchukua watoto wasiosikia, akafunika kioo kwa khanga, akatukataza kuvaa nguo nyekundu. Sasa hata jogoo wa jirani akiwika mtoto anashtuka.

#34 Mzee_wa_Gungu
Mwanangu, usimcheke mama mkwe. Jogoo huyo tumelelewa naye wote. Hata mvua ikinyesha na jua likiwaka tulisema simba anazaa, na upinde wa mvua ni joka limetoka kunywa maji. Sisi wazee hatukuwa wajinga. Mtoto aliyeogopa jogoo alikuwa ndani, hakuwa chini ya mti. Ninyi mnamwambia chaji, chaji, halafu anakwenda kuokota maembe mvua inanyesha.

#35 Fundi_Mifereji
#34 Mzee shikamoo. Hoja hiyo nzito.

#36 Chaki_Mkononi
Kaka yangu Mzee wa Gungu, woga ulimweka mtoto ndani, nakubali. Lakini woga huohuo ndio unaofanya mtu akipigwa na radi watu wamkimbie, wamwache pale pale, eti akiguswa itawahamia. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse, mkague kama anapumua, asipopumua mkande kifua, mkimbize hospitali. Wapo wanaoamka.

Hapa mjini hatuhitaji hadithi za mbali. Aprili 2015 mvua moja ya radi ilichukua wanafunzi na mwalimu wao wakiwa shuleni. Nisingependa kuongeza neno, wazazi wao tunaishi nao.

Watoto wangu niliwafundisha kuhesabu. Umeme ukimulika, anza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukifika tisa, radi iko kilomita tatu. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza thelathini, mpira unaachwa uwanjani, mwembe unaachwa, majini unatoka, unaingia nyumba iliyojengwa vizuri au kwenye gari lililofungwa vioo. Ukae dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Mtoto anayehesabu hana nafasi ya kulia.

Kioo na nguo nyekundu havivuti kitu. Waya wa antena ulioshikwa mkononi, huo ndio wa kuogopa.

#37 Karabai_la_Katonga
Mwalimu, "majini unatoka". Sisi tunatokaje? Uko maili kumi, injini moja, wingu limekupita kichwani. Tunazima taa, tunashusha kila kilichosimama, tunakaa chini ndani ya chombo tumejikunyata na kila mtu anakumbuka dini yake.

Ndiyo maana nasema radi inapenda taa. Nimeona kwa macho.

#38 Mama_Wawili
Kaka Karabai, mnavua usiku gani?

#39 Karabai_la_Katonga
Usiku wa giza. Mbalamwezi dagaa hawaji kwenye taa, tunakaa nyumbani kama wiki hivi tunashona nyavu.

#40 Mama_Wawili
Kwa hiyo usiku wa mbalamwezi, usio na taa, wewe hauko ziwani kuona kama radi inapiga au haipigi?

#41 Karabai_la_Katonga
...

#42 Asali_Mbichi
Huyu mama angekuwa wakili tungefungwa wote.

#43 Karabai_la_Katonga
Nimeelewa unapokwenda dada. Lakini siku nikiwa nyumbani bado ninaliona ziwa. Na narudia, giza ndilo lenye umeme mwingi.

#44 Kikombe_cha_Kahawa
Au giza ndilo linaloonyesha umeme vizuri. Tumerudi posti namba 7.

#45 Dogo_wa_Heru_Juu
Mnakumbuka yule Mpemba? Mtoto wa shule aliyeuliza kwa nini maji ya moto yanaganda upesi kuliko ya baridi, darasa zima likamcheka. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Pemba. Usimcheke binti.

#46 Nyota_ya_Kibondo
Karibu kila kitu hapo kimepinda, lakini nia ni njema. Mpemba ni jina lake, Erasto Mpemba. Alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, mwaka 1963, wanatengeneza aiskrimu. Alitia mchanganyiko wake kwenye jokofu ukiwa bado wa moto, ukaganda mapema. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye, akiwa shule nyingine Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea, wakaandika makala pamoja mwaka 1969. Wataalamu wanagombana mpaka leo kama ni kweli au la.

#47 Dogo_wa_Heru_Juu
Basi mimi ni Osborne wa huo upotoshaji. Samahanini.

#48 Tumbaku_na_Jembe
Wenye watoto wadogo msisahau chamchela. Huku kwetu mwezi wa tisa kinapita kisulisuli cha vumbi katikati ya uwanja, watoto wanakirushia mawe wanasema kuna shetani ndani. Mimi nawapa karatasi, wanairusha humo tunaona inapanda mpaka wapi. Hewa ya moto inapanda inazunguka, hapo umemaliza nusu ya somo la Mwalimu Chaki bure.

#49 BabaNuru
#48 Kaniuliza hilohilo: kimbunga kama Hidaya cha Mei 2024 kinaweza kufika Kigoma?

#50 Kikombe_cha_Kahawa
Hapana. Kile kinakula joto la bahari, kikikanyaga nchi kavu kinakosa chakula. Kutoka Mafia hadi kwenu ni zaidi ya kilomita elfu moja. Na ziwa lenu ni refu ila jembamba, tena liko karibu na ikweta. Mwambie alale.

#51 Mzee_wa_Gungu
Kuna kipima joto mnakisahau. Chupa ya mawese dirishani. Asubuhi ya baridi, mwezi wa sita na wa saba, yanaganda chini yanakuwa ya njano kama ugoro wa dhahabu, saa sita yameyeyuka mekundu. Wajukuu zangu wanajua: yakiganda hadi nusu, leo sweta.

#52 Fundi_Mifereji
Mzee hiyo naichukua. Naweka chupa leo leo.

#53 Nyota_ya_Kibondo
Na majina ya mawingu waacheni wayape wenyewe kwanza. Yale ya vitabuni ya Kilatini alianzisha mfamasia wa London, Luke Howard, mwaka 1802, naye aliyatazama tu kama sisi. Darasani kwangu tuna "manyoya", "pamba", "shuka" na "fuawe". Kuna mtoto aliongeza "mgongo wa mgebuka" (samaki wa Tanganyika), yale ya mistarimistari. Majina makubwa yatakuja baadaye.

Tulifanya pia wingu la chupa. Maji ya vuguvugu kidogo kwenye chupa laini, washa njiti ya kiberiti, izime, ingiza moshi wake kidogo ndani, funga. Minya kwa nguvu, achia ghafla. Ukiachia kunakuwa na ukungu ndani, ukiminya unapotea. Bila moshi haikubali, mvuke unataka kitu cha kushikia. Watoto arobaini na chupa sita, nusura nipoteze sauti.

#54 BabaNuru
Tumejaribu mara tano. Ya tano ikakubali, mama yake naye akaacha ugali jikoni kuja kuona. Ugali umeshika chini lakini hakuna aliyelalamika.

Sasa kaanzisha daftari. Kila usiku anaandika: umeme ziwani ndiyo au hapana, mbalamwezi ipo au haipo, fuawe lilionekana mchana au halikuonekana. Nimempa safu ya nne ya Karabai: taa za wavuvi nyingi, chache, hakuna.

#55 Karabai_la_Katonga
Safi. Hapo ukweli wangu utaonekana.

#56 Mama_Wawili
Au wangu.

#57 BabaNuru (siku 16 baadaye)
Wakuu, ripoti. Usiku 16. Umeme ziwani 9. Katika hizo 9, usiku wa giza ni 6, wa mbalamwezi 3. Fuawe mchana upande wa Kongo mara 4, na siku 2 kati ya hizo usiku wake hapakuwa na kitu. Taa za wavuvi kulikuwa nazo kila usiku wa giza, kwa hiyo safu hiyo haijatuambia jambo jipya.

#58 Karabai_la_Katonga
Sita kwa tatu! Nilisemaje?

#59 Kikombe_cha_Kahawa
Usiku wa giza kwenye daftari ulikuwa ngapi jumla, na wa mbalamwezi ngapi? Bila hiyo sita kwa tatu haina uzito.

#60 BabaNuru
Giza 10, mbalamwezi 6.

#61 Fundi_Mifereji
Sita kati ya kumi, tatu kati ya sita. Karibu sawasawa. Karabai kaa chini.

#62 Mzee_wa_Gungu
Na ule wa saa tisa usiku nani anauandika? Mimi huamka kuswali, ndio wenye nguvu kuliko wote.

#63 BabaNuru
Mzee, binti analala saa tatu. Kuanzia hapo anaandika mama yake, akiamka.

#64 Mama_Wawili
Na asipoamka?

#65 BabaNuru
Anaandika "hapana".

#66 Chaki_Mkononi
BabaNuru, mwambie wife asiandike "hapana". Aache wazi. Mwanze upya mwezi mpya ukiandama.